Tausi wa Mkomani

Nilishuka na sanduku,
vichupa, wembe, shauku,
na barafu ya usiku
niliyopewa sokoni.

"Ya nini?" wakauliza,
"Majani waja kuuza?"
Nikajibu: "Nachunguza
homa ya mti na jani."

Mipapai ya Famau,
michungwa na milimau,
kijani imesahau,
yajikunja kileleni.

Jani pana, la mkono,
limejaa kimanjano,
ramani isiyo neno
ya visiwa vya njozini.

Famau kasema, "Mwana,
jirani ana fitina,
jicho lake ndilo shina,
tumelijua zamani."

Sikucheka. Nilisaga
jani moja kama mboga,
mikono ina uoga,
nikatia kipimoni.

Mstari. Kisha subira.
Wa pili, bila papara,
ukaja, kama ishara
ya mimba iliyo ndani.

Kirusi hakina mbawa,
hakisikii kwa dawa,
hungoja kuchukuliwa
mkononi, mdomoni.

Toka Hindi namulika
mwezi mzima wa shaka,
Mkomani nikafika
kwa shangazi Mwanapwani.

Kiwanda chake ki wazi,
vigae vina mizizi,
na pale, juu ya ngazi,
ua lake la thamani.

Tausi, aliliita,
madoa yenye kumeta;
kila mja akapata
kijiti cha kikoponi.

Kila harusi ya mwali
alitoa, si kwa mali,
akapeleka na mbali:
Hindi, Shela, Matondoni.

Famau alipooa
mkewe alichukua
kijiti, kakipandia
mipapai i jirani.

Nilikata jani moja.
Bi Mwanapwani kangoja
akitunga lake koja,
uzi uko mdomoni.

Ikaja yote miwili,
na mimi sina kauli:
nitamwambia kwa hali
gani, nianze na nini?

Kwamba doa alopenda
si urembo, ni kidonda,
nzi weupe huenda
nacho hadi mashambani?

Nikasema. Kanyamaza.
Koja akalimaliza,
kisha akaniuliza,
"Nimewapa kitu gani?"

Nilitaka kumjibu
kwa maneno ya kitabu,
asilimia, hesabu,
yakanikwama kooni.

Nikasema, "Zawadiyo
haina kosa la moyo:
kilichopanda na hiyo
hata mimi sibaini

bila chombo cha gharama."
Akainuka, kahema,
akalitazama vyema
ncha hadi mizizini.

Kaling'oa, si kwa chozi
bali nguvu ya malezi,
kigae kikawa wazi,
pengo kama la menoni.

Siku ile tukatoka
kwa milango kuzunguka,
alichotoa kutaka
kirejee guniani.

Wengine walikataa:
"Tausi wangu hung'aa,
serikali ina njaa
hata ya ua nyumbani!"

Miwili bado i hai;
mwenye nayo namrai,
nikibisha hafungui
mlangowe wa Langoni.

Famau naye kakata
mipapai yote, hata
huo aliouita
kwa jina la mama, Shani.

Kwa jirani akaenda
kwa miguu, si kwa punda,
mkononi ana tunda
la mwisho mwake shambani.

Walisemaje, sijui.
Kipimo hakitambui
kijicho, wala adui
aliyetoka moyoni.

Jana nimepita kwake.
Kigae, na pengo lake;
kafukia mbegu zake
tatu, hajui ni nini.

"Zikiota," kanambia,
"kwanza utanipimia,
kisha nitawagawia."
Kucha zina tope ndani.